Mimba ya wiki 31, Likoni: niende kliniki au nisubiri korona ipungue?

Bi_Likoni (Mei 2020)
Assalaam aleikum jamaa. Nina mimba ya pili, wiki ya 31. Kliniki nilikwenda mwisho Februari. Machi korona ikaingia nchini, tangu hapo sijarudi. Mavyaa hataki kusikia. Anasema hospitali ndiko ugonjwa uliko, na wanawake walizaa kabla ya hizo kliniki. Mume wangu kakwama kati yetu. Tena kuna kafyu, saa moja jioni hadi kumi na moja alfajiri, nami nimeambiwa nizalie kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri, kwa kuwa wa kwanza nilipasuliwa. Uchungu ukinishika saa sita usiku, feri navukaje? Halafu siku hizi kichwa kinaniuma na pete haiingii kidoleni, nadhani ni joto tu. Nishaurini.

Mkunga_Msambweni
Mwanangu, hayo uliyoyataja mwisho ndiyo yaliyonishtua. Kichwa kuuma na vidole kuvimba kwa mimba yako hatusemi ni joto mpaka presha ipimwe na mkojo uangaliwe. Nenda kesho asubuhi, kituo chochote kilicho karibu. Hivyo ndivyo kifafa cha mimba huanza, nacho hakingoji korona iishe. Ukiona vimulimuli machoni, ukiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au ukitokwa na damu, toka usiku huohuo, kafyu au si kafyu.

Kliniki si kushikwa tumbo tu. Pwani yetu ina malaria, ndiyo maana tunawapa Fansidar: malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Kuna vidonge vya damu pia. Tangu 2016 WHO inataka mama aonwe mara nane, na nyingi ziko miezi hii ya mwisho, ambayo ndiyo unayotaka kuiruka. Vaa barakoa, wahi kabla foleni haijajaa, kaa nje mpaka uitwe.

Mzee_Kombo
Nilikuwa dereva Sierra Leone wakati wa Ebola. Wanawake kule waliogopa hospitali kama mavyaa wako, wala hawakuwa wajinga, maana Ebola ilikuwa ikiua hata wauguzi. Baadaye watafiti walikadiria kwamba mwaka 2014 hadi 2015, kwa uchache, vifo 3,600 vya ziada vilitokea: kina mama, watoto wachanga na waliozaliwa wafu, kwa sababu huduma za uzazi hazikutumiwa. Ni karibu sawa na waliouawa na Ebola yenyewe. Hao hakuna aliyewatangaza redioni kila jioni. Mumeo ndiye amweleze mamake, kwa adabu, wewe usibishane naye.

Mama_Nasra
Nilijifungua Aprili, kafyu ikiwa imeshaanza. Dada, aliyepasuliwa hangojei uchungu ng'ambo ya maji. Ukiwa na jamaa Majengo au Tudor, hamia ikifika wiki ya 37. Kama huna, mumeo apatane sasa na mwenye teksi anayekubali kutoka usiku, na awe na namba ya mwingine wa akiba. Kitabu cha kliniki kisitoke mkobani. Sisi tulisimamishwa na polisi, wakakiona, wakaturuhusu.

Njeri_Nai
Huku Nairobi daktari Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life kwa ajili ya usiku wa kafyu. Unapiga 1195 bure, daktari anakusikiliza, ikiwa ni dharura unatumiwa gari. Ukienda kliniki waulize kama kaunti yenu ina mpango wa namna hiyo.

Bi_Likoni
Nimekwenda. Presha 150 kwa 100. Mkojo hauna protini. Nimepewa dawa, nirudi Alhamisi. Mume wangu alimsomea mavyaa maneno ya Mzee Kombo, na leo yeye ndiye aliyebaki na mtoto. Shangazi yangu wa Majengo amekubali kunipokea.

Mkunga_Msambweni
Alhamdulillahi. Dawa usiikatize hata kichwa kikipoa. Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri Alhamisi. Na kuhamia kwa shangazi usingojee wiki ya 37 tena: kwa presha hiyo huenda daktari akataka kukuzalisha mapema, kwa hiyo muulize hiyo Alhamisi, na mkoba uwe umeshafungwa.