Hita ya gesi inawaka njano, naisafishaje?

Wakuu, hita yangu ya gesi, ile ya magurudumu yenye mtungi nyuma, ilikaa stoo miezi 8. Jana nimeiwasha, moto ukatoka wa njano badala ya bluu, na ukingo wa juu ukashika masizi. Baada ya nusu saa kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni usingizi. Naisafishaje?

Jibu: Huo si usingizi, mkuu! Moto wa njano ni gesi isiyoungua vizuri, na hapo hutoka kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu. Usiiwashe tena. Kichwa kikiendelea, hospitali. Funga mtungi, iache ipoe kabisa, toa vumbi kwa brashi laini. Vitundu vya kutolea gesi usivichokoe kwa sindano, ukivipanua umeharibu.

Jibu: Yangu ilikuwa utando wa buibui tu, lakini aliyefungua ndani ni fundi wa gesi. Mimi nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio, viputo vikatokea, yaani gesi ilikuwa inavuja.

Muulizaji: Asanteni. Kichwa kimetulia. Vumbi limejaa kiganja! Mpira nao, nikiukunja, una ufa karibu na regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kwenye mtungi). Fundi anakuja kesho. Leo ni blanketi.