Picha za digrii 360 za nyumba za Mji Mkongwe: kuhariri kunaishia wapi, uongo unaanzia wapi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Napiga picha za mzunguko ndani ya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja. Upana wa chumba cha nyumba ya mawe unaamuliwa na boriti za mikoko, ambazo mara nyingi hazizidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Nikishaunganisha picha kwenye kompyuta, chumba hichohicho kinatanuka kama ukumbi wa harusi. Nyumba ya wageni inaitangaza, mgeni anafika anahisi ametapeliwa.

Kufuta miguu ya kamera au kusawazisha jua la dirishani na kiza cha ndani sioni tatizo. Ila kuziba ufa na kupaka chokaa ambayo ukutani haipo ni uongo, na iandikwe wazi chini ya picha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, panorama, yaani hiyo picha ya mzunguko, isiyochezewa haipo. Ukitandaza kuta nne kwenye bapa moja, lazima kitu kipinde. Ukitaka nguzo zisimame wima kwa mtindo wa silinda (kana kwamba picha imechapwa ndani ya bomba kisha ikakunjuliwa), boriti za dari zinajikunja. Ukizinyoosha nazo, pembe za picha zinavutika. Kila mpiga picha anachagua kipi kiharibike. Utaandika maelezo mangapi?

Mchangiaji wa pili:
Kupinda kwa boriti kunafuata hesabu, na anayejua hesabu hiyo anaweza kuzinyoosha tena. Ufa uliofutwa haurudi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafariki. Leo fundi anayetaka kujua ukuta ulivyokuwa anategemea picha za zamani za ndani. Aliyesafisha nyufa ili picha ipendeze amemnyima fundi ushahidi. Hilo linaniuma kuliko mgeni aliyekuta chumba kidogo.

Mleta mada:
Nakubali, sikuwa nimelitazama hivyo. Picha mbichi nitazihifadhi zote, hata nikiuza iliyohaririwa. Na kwa upana wa chumba, nafikiria kusimamisha mtu ndani ya picha ili jicho lipate kipimo.

Mchangiaji wa kwanza:
Msimamishe kwenye ukuta wa mbali, usawa wa kamera. Ukimweka pembeni karibu na lenzi, naye atatanuka pamoja na chumba.