Neno "ngoma" lina maana ngapi, na je, wimbo wa studio nao ni ngoma?

Mwalimu wa Temeke

Heshima kwenu nyote, na wakubwa shikamooni. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Temeke, na klabu yetu ya Kiswahili inaandaa faharasa ya maneno ya sanaa itakayobandikwa ukumbini. Tulipofika kwenye neno "ngoma" kazi ilikwama. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba ni ala iliyowambwa ngozi, wa pili akaandika kwamba ni mchezo wa kuimba na kucheza, na wa tatu akasema ni wimbo mpya wa msanii, kwa sababu ndivyo watangazaji wa redio wasemavyo kila siku. Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba hiyo maana ya tatu ni uharibifu wa lugha na haistahili kuingia katika kazi ya shule. Mimi simuungi mkono, lakini bado sijapata hoja ya kumtosheleza.

Naomba msaada wenu. Je, hizi ni maana mbalimbali zilizoangukia neno moja, au ni maana moja iliyozidi kutanuka? Na hiyo ya wimbo wa studio tuiandike au tuiache?

Mhariri wa Ilala

Ndugu mwalimu, ninasahihisha maandishi ya watu kwa kazi, na neno hili hunipitia mara nyingi. Ushauri wangu ni kwamba wanafunzi watazame kwanza kitenzi kinachoandamana nalo. Anayewamba ngoma au kupiga ngoma ana ala mbele yake. Anayecheza ngoma anatumia miguu na kiuno. Aliyekesha ngomani alikuwa mahali penye watu, kwa maana hakuna awezaye kukesha ndani ya mzinga wa mti. Anayetoa ngoma amerekodi wimbo. Msemaji wa Kiswahili hachanganyikiwi hata kidogo, kwa sababu kitenzi kimekwisha kumwonyesha njia.

Methali nazo zinagawanyika vivyo hivyo. "Ngoma ikilia sana hupasuka" inasema habari za ngozi, ilhali "Ngoma ya watoto haikeshi" inasema habari za shughuli nzima, yaani wachezaji, waimbaji, watazamaji na usiku wenyewe. Wahenga hawakuona haja ya kufafanua ni ngoma ipi katika methali ipi.

Zipo pia matumizi ya pembeni ambayo hayahitaji maelezo marefu: ngoma ya sikio katika somo la baiolojia, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ni utando uliotandazwa ukapokea mtikisiko wa sauti, na ngoma droo katika habari za kandanda, pale timu mbili zinapotoka sare.

Mzee wa Kisarawe

Marahaba, mwalimu. Mhariri amesema vyema, lakini naona ameanzia pembeni kidogo. Huku kwetu Uzaramoni ukisikia kwamba kwa fulani kuna ngoma, swali la kwanza unalouliza ni ngoma ya nini. Ni ya mwali anayetolewa ndani? Ni ya harusi? Ni ya pepo, kwamba kuna mgonjwa anayepungwa? Jibu la swali hilo ndilo litakalokujulisha nani ataalikwa, nyimbo zipi zitaimbwa, ala zipi zitatolewa, na kama wewe mwenyewe unaruhusiwa kufika au unapaswa kubaki nyumbani. Ngoma ya unyago ina mambo ambayo mwanamume hayaoni, na ngoma ya pepo ina mwenyewe, mganga, anayejua kila pepo anataka wimbo upi.

Kwa hiyo mimi nasema maana kubwa ya ngoma ni shughuli yenye sababu. Ala, wimbo na mchezo vyote vimo ndani yake. Tazama hata kitenzi: kwetu mwali "huchezwa", na mtu husema "tunamcheza mwanetu", ingawa mwali mwenyewe sehemu kubwa ya muda amekaa kimya akifundwa. Hapo kucheza kumekuwa ni kumwingiza mtu katika utu uzima, na hilo hulipati katika mdundo peke yake.

Wale mnaokaa mjini mnaujua mdundiko, ngoma yetu inayotembea barabarani na kuzoa watoto mtaa kwa mtaa hadi wazazi wanaanza kuwatafuta. Wapo wanaoulaumu kwa sababu hiyo, na wazazi wana haki ya kuhofu. Lakini ndani ya huo msafara huwezi kuchora mstari useme hapa ala imeishia, hapa mchezo umeanza, na huyu ni mtazamaji tu.

Mpiga chapuo, Bagamoyo

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu sana, lakini sisi tunaoshika ala tusisukumwe nyuma. Shughuli zote ulizozitaja zinavunjika ngozi ikilegea. Kabla hamjafika, kuna mtu aliyetoboa gogo, akaloweka ngozi, akaiwamba na kuikaza kwa mambo, yaani vigingi vidogo vya mti, na jioni hiyo amekoka moto pembeni ili ngozi ijivute na sauti ipande. Ndani ya seti moja kuna vumi lenye sauti nzito linaloshika msingi, na kuna chapuo dogo linalopasua juu na kumwongoza mchezaji. Msondo, ile ngoma ndefu ya kusimama, haukutolewa ovyo. Ulikuwa na siku zake, na ukisikika watu walijua kuna jambo.

Ushahidi wangu mwingine uko katika lugha za jirani zetu. Waganda wana "eng'oma", Wanyarwanda na Warundi wana "ingoma", Washona wana "ngoma", na Wakongo vilevile, na wote hao wanaitaja ala. Zaidi ya hapo, kwa Wanyarwanda "ingoma" ni pia utawala wa mfalme, kwa kuwa ngoma ya kifalme iitwayo Kalinga ndiyo iliyokuwa alama ya ufalme wenyewe. Kwa Wazulu mzizi huohuo umekuwa wimbo na mchezo, na ndimo inamotazamwa asili ya jina la mganga wao, "sangoma". Ala ilisafiri, na kila ilipofika ikazaa maana. Kwa hiyo faharasa yenu ianze na ala.

Mwalimu wa Temeke

Nawashukuru sana. Mzee na mpiga chapuo wamenipa mambo mawili yanayovutana, nami ningependa kuyavuta zaidi. Tunasema "ngoma ya Wamasai", na hapa mjini tunaiona mara kwa mara wakiruka na kuimba kwa sauti za kupokezana, lakini hawapigi ala yoyote iliyowambwa ngozi. Ikiwa ala ndiyo asili, hiyo inaitwaje ngoma? Na kwa upande wa pili, wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta katika chumba kimoja hauna mwali, hauna harusi wala mgonjwa. Ikiwa shughuli ndiyo asili, huo nao unaitwaje ngoma?

Pia kuna maana moja ambayo wanafunzi waliitaja wakiwa wameinamisha vichwa, kwamba mtaani "ngoma" ni jina la kuficha la UKIMWI. Sijui kama inafaa ukutani.

Dada wa Kinondoni

Kaka mwalimu, nimekulia katika kumbi za dansi za jiji hili, na nadhani historia ya hapa inajibu sehemu ya swali lako. Wimbo wa kisasa haukuanza kuitwa ngoma kwa sababu ya redio za leo. Tangu enzi za ukoloni watu wa pwani walikuwa na beni, iliyoiga magwaride na tarumbeta za bendi za kijeshi, na makundi ya Marini na Arinoti yakashindana hapa Dar es Salaam. Mambo ya kigeni yale, na bado watu waliyaita ngoma bila kusita, kwa sababu kulikuwa na mashindano, mavazi, viongozi na wafuasi.

Kisha zikaja bendi za dansi. NUTA Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, imebadili majina kadiri jumuiya hiyo ilivyobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo inaitwa Msondo Ngoma. Wapinzani wao, Mlimani Park walioanza mwaka 1978, hujiita Sikinde, ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Magitaa ya umeme, saksafoni, na jina la ngoma za wazee. Aliyezoea kusema "leo naenda kwenye ngoma ya Sikinde" hakuona ajabu mwanawe aliposema "msanii fulani ametoa ngoma".

Kuhusu ngoma ya Wamasai, hoja ya mpiga chapuo inapungua nguvu. Neno limekwisha kuiacha ala na kushika tendo la watu kuimba na kucheza pamoja. Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana bungeni tarehe 10 Desemba 1962, alizitaja gombesugu, mangala na lelemama akisikitika kwamba waliosoma walijua rumba na chachacha kuliko hizo. Hapo ngoma zilitajwa kwa majina yake, kila moja na wenyewe, na hakuna aliyedhani anahesabu ala.

Hata hivyo ninamuunga mkono mzee katika jambo moja. Wimbo wa studio ni maana iliyopunguzwa: imebaki sauti, shughuli imeondoka. Si kosa la lugha. Tuliwahi kulifanya hilo tulipopandisha ngoma jukwaani na kukata kwa dakika chache kitu kilichokuwa cha usiku kucha.

Iandikeni, kaka, na mtoe mfano wake, "kutoa ngoma", mkieleza kwamba ni matumizi ya mazungumzo na ya wanahabari. Ile ya ugonjwa msiibandike ukutani, kwa sababu ilizaliwa na woga wa kutamka jina, na mwanafunzi anayeishi na virusi atapita hapo kila asubuhi. Ijadilini darasani, mkiwa mmekaa nao.

Mzee wa Kisarawe

Binti yangu amesema. Mimi naongeza dogo tu: mwalimu, chini ya kila maana waacheni watoto waandike jina la ngoma moja ya kwao, waulize nyumbani inachezwa lini na kwa ajili ya nani. Mpiga chapuo naye aitwe siku hiyo aje na ala zake.