Mjadala: Cairo 1964, ilikuwa kosa kuiacha mipaka ya wakoloni?

Birere, Goma: Wandugu, mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo yetu ikiwemo. Bendera zilibadilika, mipaka ikabaki ileile. Julai 1964 wakuu wa OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, walikutana Cairo, wakaahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Moroko zikakataa. Mpaka huu wetu na Gisenyi ya Rwanda uliamuliwa Brussels mwaka 1910 na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, bila mwami (mfalme) hata mmoja mezani. Kwa nini tuurithi? Wangekaa upya, wakaigawa Afrika kwa kufuata watu.

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Ndugu wa Goma, watu gani? Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alilitangaza kuwa nchi. Agosti ikafuata Kasai Kusini. Na Katanga yenyewe haikuwa na sauti moja: Baluba wa kaskazini waliipiga vita. Mambo yaliisha Januari 1963 kwa nguvu za askari wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo waliokaa Cairo walijua wanachokiogopa. Tazama ramani: kipande cha Katanga kimejichoma ndani ya Zambia kama kidole. Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi huingilia Mokambo, anakata Kongo kilomita 70 hivi, anatokea Chembe. Ni usumbufu wa mihuri na ushuru. Vita si hivyo.

Kadutu, Bukavu: Mnagombania karatasi, kasoro iko kwenye udongo. Mkataba husema tu mpaka unafuata mto fulani au mgongo wa mlima. Inabidi tume ya nchi zote mbili isome maandishi na ramani pamoja, ipime, isimike nguzo, kisha vichaka vifyekwe na nguzo zikaguliwe. Upande mmoja ukipima peke yake, au nguzo iking'olewa isirudishwe, ugomvi huanzia hapo. Mali na Burkina Faso zilipigana Desemba 1985 kwa sababu Ufaransa, iliyotawala pande zote mbili, iliacha ramani na maandishi yasiyopatana. Desemba 1986 mahakama ya The Hague ikauchora mpaka, nchi zote mbili zikakubali.

Birere, Goma: Hukumu peke yake haitoshi. Eritrea ilijitenga 1993 kwa kufuata mpaka wa koloni la Waitalia, na bado mwaka 1998 ikapigana na Ethiopia juu ya mji wa Badme. Tume ikaipa Eritrea mwaka 2002. Ethiopia ikaja kukubali bila masharti 2018. Nabaki palepale: wanaolima mpakani waulizwe kabla nguzo hazijasimikwa.

Kenya, Lubumbashi: Waulizwe njia, maji, malisho na siku za soko, na majibu yao yaandikwe kwenye mkataba. Mstari wenyewe usiguswe.