Kanisa la Kilpeck na lipu ya saruji: mafundi naomba msaada

Mwashi wa Moshi:
Wana jukwaa, habari za jioni. Mimi ni fundi mwashi, nachonga mawe hapa Moshi miaka thelathini na kitu. Mwezi wa sita binti yangu alinipeleka Kilpeck, kijiji cha Herefordshire kule Uingereza, kuona kanisa lililojengwa karibu mwaka 1140. Ni dogo, usharika wetu usingeenea. Lakini mlango wake wa kusini! Jiwe jekundu la mchanga, na kwenye nguzo wamechongwa askari wenye suruali, mikunjo yake unaihesabu. Chini ya ukingo wa paa, kuzunguka kanisa, vimebaki vichwa vya mawe 85. Kimoja ni mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega kama majirani.

Vile vichwa ni urembo tu, au vinabeba kitu? Na madirisha mbona madogo hivyo?

Nauliza kwa sababu kanisa letu la mawe, la enzi za Wajerumani, kamati inataka kulipiga lipu ya saruji nje kote. Roho yangu inakataa, ila nikisimama kikaoni nakosa maneno.

Mchora Ramani, Arusha:
Shikamoo fundi. Vinabeba. Jiwe limezama ukutani, ncha imetokeza, na juu yake limelala tabaka la mawe la ukingo wa paa. Mchongaji hakutaka ncha ile ikae bure. Madirisha ni madogo kwa kuwa Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, walijenga kwa matao ya nusu duara na kuuachia ukuta mzigo wote. Ukuta wa namna ile una nyuso mbili za mawe, katikati kifusi na chokaa. Ukiutoboa sana umeumaliza.

Mama Kibosho:
Kuhusu lipu, kaka yangu, usikubali kabisa. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji inaufungia ndani. Kwetu tulipiga. Masika mbili tu, lipu ikavimba kama andazi, ikabanduka na uso wa mawe.

Mwashi wa Moshi:
Marahaba mwanangu, na asante sana mama. Leo baada ya ibada nimechokonoa kiungo kimoja kati ya mawe ya kanisa letu kwa msumari, nyuma karibu na mfereji. Chokaa ya ndani imemomonyoka nyeupe, laini, ina vidonge ambavyo havikukorogeka. Nimeifunga kwenye karatasi. Jumamosi naiweka mezani mbele ya wazee.