Dereva kanidondoshea Boxer barabara ya Morogoro, mwenye gari anasema ni mipango ya Mungu. Kwani Mungu ndiye aliyefunga zile kamba?

Wakuu, salaam.

Nimelinyamazia hili siku tisa nikijiambia nitulie. Jana usiku mwenye gari kanitumia meseji: "Pole bosi, ajali haina kinga." Basi naandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tulikuwa tunaenda Iringa kwenye arobaini ya baba mdogo. Watu kumi na mmoja, akiwemo mama yangu na watoto wanne. Nilikuwa na Boxer mbili nilizotaka kuwapelekea vijana wa nyumbani wapigie bodaboda, nikaona nisilipie usafiri mara mbili. Nikapata jamaa mwenye Hiace na tela dogo la ekseli moja, kwenda na kurudi laki tisa na nusu, tela likiwemo. Dereva ni wa kwake. Akaniambia nije na kamba ya manila mita ishirini. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu anayebeba pikipiki kwa biashara halafu kamba analeta mteja?

Alfajiri pale Mbezi tukaanza kupakia. Mbele ya tela wakaweka viti vya plastiki na masufuria ya shughuli, kwa sababu eti ndivyo vilivyotangulia kufika. Viti vimekaa mbele kama wageni rasmi, pikipiki mbili zikasukumwa mpaka mwisho kabisa, magurudumu ya nyuma yanakaribia kugusa mlango wa tela. Zote mbili zimeegemea stendi ya pembeni. Manila ikapitishwa juu ya siti, ikazungushwa kwenye ubao, fundo, basi. Dereva akaipiga pikipiki kofi, haikutikisika, akasema imelala hiyo.

Kabla hatujaunganisha tela na gari, mimi mwenyewe niliinyanyua shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, ili kulisogeza. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chupa ya maji. Nikamwambia, "Kaka, mbona mbele ni jepesi hivi?" Akanijibu, "Bosi, jepesi ndiyo raha, gari halitachoka." Nikanyamaza. Hilo nalibeba mimi, msinikumbushe kwenye komenti.

Ngoja niwaeleze kwa nini huo wepesi ndio nusura utuue, maana nimegundua hata watu wenye matela hawajui. Tela la ekseli moja ni kama bembea. Mzigo ukiwa mbele ya ekseli, shingo inalalia gari. Ukiwa nyuma, shingo inataka kuinua makalio ya gari, na tela lenyewe linatafuta sababu ya kuanza kuyumba. Kinachotakiwa ni shingo ilalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Boxer moja ni kama kilo 120, mbili ni 240. Tela lenyewe tuseme 250. Jumla inakaribia 500, kwa hiyo pale kwenye shingo palitakiwa pawe na kilo 50 hadi 75. Yaani mfuko wa simenti mzima au mmoja na nusu. Nani hapa ananyanyua mfuko wa simenti kwa mkono mmoja huku anakunywa maji? Na hakuna haja ya mashine: weka ile mizani ya bafuni juu ya tofali, laza shingo juu yake, soma.

Dawa ilikuwa ni kubadilishana nafasi tu. Pikipiki mbele, viti nyuma. Dakika kumi.

Turudi barabarani. Kibaha, Vigwaza, Chalinze, salama, ingawa nilikuwa naona dereva anarekebisha usukani kila mara, kidogo kidogo. Kiti cha nyuma wamejaa watu wazima watatu na nyuma yao mizigo, kwa hiyo gari lenyewe limekaa kwa matako na pua iko juu, usukani mwepesi. Mama akauliza mara mbili, "Baba, hili gari mbona linacheza?" Akajibiwa ni upepo.

Tumepita Ubena Zomozi, hatujafika Mikese, mteremko mdogo tu, mshale uko kati ya 90 na 100. Lori la mafuta likatupita. Mnaujua ule upepo wa tanki, kwanza linakusukuma, halafu linakuvuta. Tela likapiga mkia kushoto. Kulia. Kushoto tena, kubwa zaidi. Ndani ya gari tukawa tunarushwa kama mahindi kwenye ungo. Na dereva wetu mzoefu akafanya lile ambalo halitakiwi kabisa: akakanyaga breki yote.

Ukifunga breki ya gari wakati tela halina breki yake, tela linaendelea kuja. Linakusukuma makalio. Kinachotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani umenyooka, usishindane nalo, usikanyage breki, uache mwendo ufe wenyewe. Najua ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye kochi. Lakini yeye ndiye aliyeniambia ameanza kuendesha mimi nikiwa shule ya msingi.

Tulisimama tumeelekea porini, gurudumu moja nje ya lami. Nyuma basi linapiga honi na taa. Nikashuka. Boxer moja iko barabarani, imelalia ubavu, bado imeshikwa na manila kwenye siti, imeburutwa. Tangi limebonyea, saitimira hakuna, indiketa hakuna, usukani umepinda unaangalia upande mwingine. Ya pili imelala ndani ya tela juu ya masufuria, petroli inachuruzika kwenye kabureta inaingia kwenye viti vya arobaini. Hakuna aliyekuwa amefunga koki ya mafuta. Na kuna abiria wetu mmoja, simtaji, alishuka akawasha sigara. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga mbele ya mama yangu.

Nikachungulia sakafu ya tela. Stendi ya pembeni ilikuwa imetoboa ubao, tundu safi kabisa la ukubwa wa kidole gumba. Hapo nikaelewa. Kila tuta, pikipiki ilikuwa inadunda kwenye shokapu zake, stendi inazidi kuzama, na kila ikizama kamba inalegea. Mpaka tunafika Chalinze ile manila ilikuwa urembo tu.

Dereva alitaka twende hivyo hivyo na ile moja iliyobaki ndani. Kuna mlima Kitonga mbele, wakuu. Kitonga! Nikakataa. Tukakokotana mpaka Morogoro, nikalipia Fuso iliyokuwa inaenda Iringa na magodoro.

Sasa sikieni hapa ndipo hasira iliponipanda kabisa. Utingo wa ile Fuso ni kijana, sidhani kama amefika miaka ishirini na mbili. Akaileta pikipiki, gurudumu la mbele akaligotesha kwenye ubao wa mbele, akapigilia vipande viwili vya mbao kushoto na kulia lisigeuke. Stendi juu. Gia ndani. Koki imefungwa. Akatoa mikanda minne yenye vikazio vya meno, miwili akaipitisha chini ya usukani pale shokapu zinapoungana, siyo kwenye hendeli, akaivuta mbele na kwa nje, kila mmoja upande wake. Halafu akapanda juu ya pikipiki, akaikandamiza kwa uzito wake mpaka shokapu za mbele zikashuka nusu, mwenzake akakaza. Kwa hiyo pikipiki ikidunda, mkanda haulegei. Miwili mingine nyuma. Chini ya mkanda kila unapogusa rangi akaweka kipande cha mpira wa tyubu. Akaniambia, "Broo, tukifika Mikumi nakaza tena, huwa inalala kidogo." Yule hajaniomba kamba. Nilimpa elfu kumi ya soda, akashukuru kama nimempa kiwanja.

Na mwenye Hiace? Kwanza alisema kamba niliileta mimi. Nikamwambia ni dereva wako aliyeniagiza. Akasema mzigo husafiri kwa hatari ya mwenye mzigo. Nikamuuliza na mama yangu naye ni mzigo? Kimya siku mbili. Halafu ndiyo hiyo ajali haina kinga. Ina kinga, ndugu. Taa za tela zilikuwa haziwaki, nimeliona hilo baadaye kwenye picha. Minyororo ya usalama ilikuwepo, imeviringishwa juu ya shingo kwa waya, haijawahi kufungwa kwenye gari. Ikifungwa inapita msalaba chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami. Mtu kanunua mnyororo akaufanya pambo.

NIMEONGEZA: Anayesema Hiace haina nguvu ya kuvuta, siyo kweli, kilo 500 haikuisumbua hata kidogo, tatizo halikuwa injini. Anayesema ningetuma kwa basi, sawa, umeshinda. Anayeuliza bima: gari lina bima ndogo, hiyo inaangalia watu wa nje, mzigo uliobeba haumo. Na wale wa "toa jina la mwenye gari", sitoi, nipo naye kwa mjumbe Jumamosi, nadai laki nne na elfu themanini za fundi na Fuso, risiti ninazo.

Mwenye tangi la Boxer BM150, jekundu, ambalo halijabonyea, anicheki PM na bei. Fundi kasema lile haligongeki likanyooka.