Kwa nini sauti ya Robert Smith inachelewa kuingia katika albamu ya The Cure?

Mleta mada

Wanajamvi, nawasalimu. Kwa wiki nzima nimekuwa nikisikiliza Songs of a Lost World, albamu ambayo The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, iliitoa tarehe 1 Novemba 2024, ikiwa imepita miaka 16 tangu watoe albamu nyingine. Nyimbo ni 8 tu. Kinachonitatiza ni kwamba wimbo wa kwanza, “Alone”, unapita dakika 3 kabla ya mwimbaji wao, Robert Smith, kuanza kuimba, na ule wa mwisho, “Endsong”, unapita dakika 6. Mdogo wangu anasema hayo ni maringo ya wakongwe wasio na jipya. Sikubaliani naye hata kidogo, lakini nimeshindwa kumjibu. Ninyi mnalielewaje jambo hili?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kuchelewa huko hakukuanza leo. Wanaoifahamu albamu yao Disintegration ya mwaka 1989 wanakumbuka kwamba bendi hii imezoea kuziacha ala zitangulie mpaka msikilizaji atulie, ndipo maneno yafike. Katika “Alone”, sikiliza ngoma za Jason Cooper zinavyopigwa polepole na kwa uzito, huku besi ya Simon Gallup ikienda chini ya kinanda bila haraka yoyote. Sauti inapoingia, huzuni imekwisha kutanda, na mwimbaji hahitaji tena kutushawishi kwamba amehuzunika. Wimbo wenyewe ulichipuka kutoka shairi la Ernest Dowson, mshairi Mwingereza wa karne ya 19, linaloitwa “Dregs”, yaani machicha, kile kinachobaki chini baada ya kinywaji kwisha. Mtu anayeimba juu ya machicha hana sababu ya kukimbia.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kwa upande wa maisha yake, kwa sababu bila hilo albamu hii haieleweki vizuri. Katika miaka iliyotangulia kazi hii, Smith alifiwa na mama, baba na kaka yake, Richard. Wimbo wa sita, “I Can Never Say Goodbye”, ni wa huyo kaka. Unaanza kwa ngurumo ya radi, kisha piano inapiga noti chache, inazirudia, inazirudia tena, kama mtu anayezunguka chumba kilekile bila kujua akae wapi. Mimi nilimzika kaka yangu miaka 3 iliyopita, na nakiri kwamba wimbo huo sikuumaliza siku ya kwanza. Niliuzima piano ilipofika mara ya nne au ya tano, nikatoka nje. Mweleze mdogo wako kwamba mfiwa halazimishwi kuanza kusema.

“Endsong” nao una kisa chake: Smith anatazama mwezi na kukumbuka mwaka 1969, alipokuwa mtoto wa miaka 10 pamoja na baba yake, wakati binadamu walipotua mwezini. Dakika 6 za ala ni umbali kati ya mtoto yule na mzee huyu.

Mchangiaji wa tatu

Nakubaliana na wenzangu kuhusu nyimbo hizo, ila tusiisifu albamu yote kwa kiwango kimoja. “Drone:Nodrone”, pamoja na gitaa kali la Reeves Gabrels, naona inakatisha utulivu uliojengwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo hoja ya kwamba wakongwe hawa hawana jipya ni dhaifu: kwa albamu hii walishika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo hawakuwa wamelipata tangu Wish ya mwaka 1992, na nyimbo kadhaa walikuwa wamezipiga jukwaani tangu 2022, zikiiva mbele ya watu kabla ya kutolewa.

Mleta mada

Nawashukuru sana, na mchangiaji wa pili, pole kwa msiba. Jana usiku tuliisikiliza tena na mdogo wangu, mwanzo hadi mwisho, simu zikiwa zimezimwa. Kuhusu “Alone” bado anasema ni ndefu. Kuhusu ule wa sita hakusema neno, ila aliomba niurudie.